Usitangazie mezani, nakuomba

Wee, acha kabisa. Hapo uliposema Krismasi hii unasubiri wote wakae mezani ndo uwaambie huamini tena, nimeshindwa kupita kimya. Hiyo meza naijua mimi.

Mwaka wa kwanza tangu mzee wetu afariki, tumeshikana mikono kama kawaida, mama akanigeukia, "baba, tuombee," yaani nishike nafasi ya marehemu, na mimi kwa akili zangu za wakati ule nikajibu siwezi kuomba kitu nisichokiamini. Ningeishia hapo pengine ningesamehewa, ila nikafungua lekcha, eti 25 Desemba haimo kwenye Biblia, eti kumbukumbu ya zamani kabisa ya tarehe hiyo inayojulikana ni ya kalenda ya Roma ya mwaka 354, nikateremka mpaka kwa Wapuritani wa Uingereza, wale Wakristo wa msimamo mkali, walioipiga marufuku Krismasi 1647, chakula kinapoa. Shangazi akauliza, "sasa hao walioipiga marufuku si ndo waliokuwa wanaamini kupita kiasi? Wewe usiyeamini mbona umewahi kiti cha karibu na sufuria?" Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Mama hakucheka. Bado kafumba macho, mkono wake ukatoka kwenye wangu taratibu, akaomba mwenyewe kwa sauti ya chini, akaanza kupakulia watoto. Miaka miwili hakunipigia simu sikukuu yoyote. Na tarehe zote nilizipatia, kama ulitaka kujua.

Halafu yule jamaa wa video aliyenijaza upepo, "sema ukweli wako hadharani, anayekupenda atakuelewa", Desemba iliyofuata kaposti picha kavaa kofia nyekundu, kambeba mpwa wake, nyuma mti unawaka taa. Mshenzi!

Mambo ya kutoamini yasemwe siku isiyo na jina, Jumanne ya mwezi wa nane huko, kwa mtu mmoja, na uanze na yule atakayeumia zaidi. Akishajua, sikukuu nenda kale, osha vyombo, wakiomba inamisha kichwa unyamaze, hakuna anayekukagua midomo. Mimi siku hizi hata kanisani nawasindikiza, naimba sauti ya pili kabisa, na paa halijaanguka.

Hayo ya zawadi na watoto uliyouliza tutaongea, kwanza zimebaki wiki ngapi? Kama zipo hata tatu mpigie mama yako leo, na usianze na 354.