Maswali ya Wasomaji: Kiyoyozi cha Dirishani na Dirisha la Kusukuma Pembeni

SWALI: Ndugu mshauri, dirisha la chumba changu ni la alumini, na vioo vyake husukumwa kushoto na kulia. Nikilifungua lote napata uwazi wenye upana wa sentimita 42 na kimo cha sentimita 100. Nimenunua kiyoyozi cha dirishani chenye upana wa sentimita 47 na kimo cha sentimita 32, kwa hiyo hakiingii. Fundi ameniambia nikilaze ubavu, kwani kikilazwa kitapita. Je, nimsikilize? Na sehemu itakayobaki wazi juu yake niizibe kwa nini? – Mpangaji

JIBU: Ndugu Mpangaji, tafadhali usikilaze. Ndani ya kiyoyozi mna kompresa, na chini ya kompresa hiyo hukaa oili inayolainisha vyuma vyake. Mashine ikilala, oili huhama mahali pake na kuingia kwenye mabomba ya gesi, na vyuma hubaki vikisagana vikavu hadi kompresa inakufa. Isitoshe, sinia linalokinga maji yanayodondoka kutoka kwenye mabomba ya baridi limewekwa kwa kutegemea kwamba mashine imesimama. Ukiigeuza, maji hayo yatatafuta njia kwenye nyaya au ndani ya chumba. Hata kama ililazwa wakati wa kusafirishwa tu, isimamishe kwa saa kadhaa kabla ya kuiwasha, ili oili irudi chini.

Kwa vipimo ulivyonipa, ushauri wangu ni kuirudisha dukani iwapo bado inapokelewa, na kuibadilisha kwa aina iliyotengenezwa kwa ajili ya madirisha ya kusukuma. Mashine hizo ni nyembamba na ndefu kwenda juu, na upana wake aghalabu hauzidi sentimita 40. Kabla ya kuichukua, pima uwazi wako upya kutoka ukingo wa fremu hadi ukingo wa kioo kilichofunguliwa, mahali penye nafasi ndogo kuliko pote, kwa kuwa fremu nyingi hazina upana ule ule juu na chini.

Jambo linalonitia wasiwasi zaidi, ambalo hukuliuliza, ni uzito. Viyoyozi vya kawaida vya dirishani vilibuniwa kwa dirisha ambalo kioo chake hupandishwa na kushushwa. Kioo kikishushwa hukaa nyuma ya ukingo ulio juu ya mashine na kuizuia isipinduke nje. Dirisha lako halina kitu cha kuikandamiza kutoka juu. Mashine ndogo ya BTU 5,000 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza) ina uzito unaokaribia kilo 20, na sehemu nzito, yaani kompresa, ndiyo inayoning'inia nje. Kwa hiyo ni lazima pawe na mabano ya chuma upande wa nje, yaliyofungwa imara ukutani na yaliyotengenezwa kubeba uzito huo. Omba idhini ya mwenye nyumba kabla ya kutoboa ukuta. Reli za alumini nazo zisibebeshwe mzigo, maana kingo zake ni nyembamba na zikipinda kioo hakitasogea tena; laza kipande cha mbao ngumu katikati ya reli, kiwe juu kidogo kuliko kingo zake, ili uzito uende kwenye kizingiti. Kazi hii ifanywe na watu wawili, na chini ya dirisha asipite mtu.

Uwazi wa juu unazibwa kwa plaiwudi au kwa plastiki ngumu inayopitisha mwanga. Plastiki hupendeza, lakini hupasuka upesi ukiitoboa karibu na ukingo, na kwa mtu anayeifanya kazi hii kwa mara ya kwanza ningechagua plaiwudi ya milimita 12, iliyopakwa rangi pande zote mbili na hasa kwenye kingo, kwa kuwa mvua huanza kuiozesha hapo. Ikate iingie kwenye reli ya juu kama kioo kinavyoingia, kisha uzibe mianya kwa sponji.

Usisahau mwanya ambao wengi hawauoni. Kioo kilichosukumwa kinapopita mbele ya kile kisichosogea, baina yao hubaki nafasi nyembamba inayoanza chini hadi juu ya dirisha. Weka kiganja chako hapo na utahisi hewa ya joto ikiingia. Sindilia sponji urefu wote. Halafu kata fimbo ya mbao na uilaze kwenye reli ya chini, ili mtu aliye nje asiweze kukisukuma kioo.

Mwisho, angalia matundu yaliyo ubavuni mwa kasha. Hayo huvuta hewa ya kupoza mabomba ya moto, na ni lazima yote yawe nje ya ukuta. Yakizibwa na ukuta mnene au na plaiwudi, mashine itanguruma mchana kutwa bila kupoza chochote. Kuhusu mwinamo, mashine nyingi huinamishwa nje kidogo, kwa milimita 6 hadi 12, ili maji yatiririke, ila baadhi hutakiwa kukaa sawasawa kwa sababu feni yake hutumia maji hayo kuyarushia mabomba ya moto. Fuata kitabu cha maelekezo, na upime kwa pimamaji.

SWALI: Waya wa kiyoyozi changu haufiki kwenye soketi. Je, nitumie ekstenshoni? – Msomaji

JIBU: Hapana. Kompresa inapoanza kuzunguka huvuta umeme mwingi kwa ghafla, na waya mwembamba wa ekstenshoni huweza kupata moto hadi ukayeyuka, hasa ukiwa umekunjwa au umefunikwa na pazia. Mwite fundi umeme aliyesajiliwa aweke soketi yenye waya wa ardhi karibu na dirisha, na soketi hiyo isitumiwe kwa kifaa kingine.