Maswali na Majibu: Vichwa vya Barua Pepe kwa Mtumiaji Mpya

Maswali ya safari hii yanahusu vichwa vya barua pepe anazopelekewa mtu aliyejisajili karibuni kwenye programu au huduma ya mtandaoni: ya kuthibitisha anwani, ya kumkaribisha, na zile zinazofuata mpaka aizoee huduma.

Kichwa kiwe na herufi ngapi?

Swali hili huja kila mara, na huulizwa kana kwamba idadi ikishapatikana kazi imekwisha. Simu iliyoshikwa wima huonyesha takriban herufi 35 hadi 40 za kichwa, na skrini ya kompyuta huonyesha 60 au zaidi. Kinachohesabika ni kilichomo ndani ya herufi 30 za mwanzo. Chukua kichwa hiki: "Karibu sana! Tumefurahi kukupokea, sasa unaweza kuongeza wenzako." Herufi 34 za kwanza zimekwenda kwenye salamu, na simu inakata palepale kazi inapotaka kutajwa. Andika "Ongeza wenzako kwenye mradi wako wa kwanza". Hata kikikatwa baada ya neno "mradi", mtu ameshajua anatakiwa afanye nini.

Jina la kampuni lisiingie kwenye kichwa. Lipo tayari kwenye jina la mtumaji, ambalo kwenye simu nyingi huonekana juu ya kichwa kwa maandishi mazito zaidi.

Barua yetu ya kukaribisha inafunguliwa na asilimia 70 ya wanaotumiwa. Je, kichwa chetu ni kizuri?

Takwimu hiyo haiwezi kukujibu. Tangu Septemba 2021, programu ya barua pepe ya Apple humpa mtumiaji ulinzi wa faragha unaopakua picha zote za barua mapema, pamoja na kile kipicha kisichoonekana kinachotumika kuhesabu waliofungua. Mwenye simu anaweza asiiguse barua kabisa, na bado mfumo wako ukamwandika kuwa ameifungua. Wanaoendelea kuchagua vichwa kwa hesabu hiyo wanachagua kwa kubahatisha.

Pima tendo. Kila barua ya mtumiaji mpya iwe na jambo moja inalomtaka akamilishe: kuthibitisha anwani, kupakia faili la kwanza, kualika mwenzake. Hesabu waliolikamilisha ndani ya saa 72 tangu barua itoke. Halafu tenga kundi dogo la watumiaji wapya, tuseme asilimia 10, ambao hawatumiwi barua hiyo. Wapo watu ambao wangekamilisha hata usingewaandikia, na bila kundi hilo utawahesabu kama ushindi wa kichwa chako. Tofauti kati ya makundi hayo mawili ndiyo kazi iliyofanywa na barua nzima, kichwa kikiwamo.

Kichwa kinachofunguliwa na wengi lakini hakuna anayeendelea na hatua iliyotajwa ni kichwa kibovu, hata kama kinavutia.

Emoji je?

Moja, mwishoni, na kamwe isichukue nafasi ya neno, kwa sababu programu zinazowasomea wasioona hulitamka jina zima la emoji hiyo katikati ya sentensi yako.

Meneja wetu anataka tuanze vichwa na "Re:" ili mtu adhani ni jibu la barua yake. Tumsikilize?

Hapana. Kwanza ni uongo, na unamwambia mtu huyo siku ya kwanza kabisa kwamba hampaswi kuaminiwa. Pili, sheria ya Marekani ya mwaka 2003 kuhusu barua za biashara inakataza vichwa vinavyopotosha. Tatu, anayegundua hila hubonyeza kitufe cha barua taka, na hapo ndipo hasara kubwa ilipo. Tangu Februari 2024, Gmail inawataka wanaotuma barua 5,000 au zaidi kwa siku kwenye akaunti zake wahakikishe malalamiko ya barua taka hayafiki asilimia 0.3, yaani watu watatu katika kila elfu. Lengo salama ni chini ya asilimia 0.1. Ukipita hapo, si barua ya kukaribisha peke yake itakayoumia. Barua za kubadilisha nenosiri zinazotoka kwenye kikoa hichohicho (sehemu ya anwani inayofuata alama ya @) nazo zinaweza kutupwa kwenye barua taka, na watu wakashindwa kuingia kwenye akaunti zao. Kama bado hamjatenganisha, barua za matangazo zitoke kwenye kikoa kidogo chake, yaani tawi la kikoa chenu, na za usalama kwenye kingine.

Tuweke jina la mtu kwenye kichwa?

Jina huharibika kuliko kitu kingine chochote kwenye kichwa. Mtu aliyeacha nafasi ya jina tupu hupokea "Habari , akaunti yako iko tayari". Mwingine aliandika anwani yake ya barua pepe mahali pa jina. Mwenye jina lenye ritifaa (alama ya ') hupata "'" katikati ya jina lake, kwa kuwa mfumo umelitayarisha kama maandishi ya ukurasa wa wavuti ilhali kichwa ni maandishi matupu. Kabla ya kuwasha barua yoyote, jitumie ukiwa na akaunti tatu za majaribio: isiyo na jina, yenye jina refu sana, na yenye ritifaa. Kisha andika sentensi mbadala iliyokamilika kwa asiye na jina, si kuondoa neno tu na kuacha pengo.

Ushauri wangu ni kuliacha jina na kutaja alichokifanya mtu mwenyewe. "Faili limepakiwa, sasa chagua safu" linamgusa yeye zaidi ya "Asha, karibu!", na linamwonyesha pa kuendelea.

Watumiaji wanalalamika kwamba namba ya kuthibitisha tunayowatumia haifanyi kazi. Mfumo uko sawa.

Angalieni kichwa. Kama kila mara ni "Namba yako ya kuthibitisha", Gmail inaweza kuzikusanya barua hizo kwenye mazungumzo mamoja, na mtu aliyeomba namba mara tatu akanakili ya zamani. Wekeni namba mwanzoni: "482913 ni namba yako ya kuingia". Kila kichwa kinakuwa tofauti, na mtu anaisoma kwenye arifa bila kufungua barua.

Tahadhari: namba hiyo itaonekana pia kwenye skrini ya simu iliyofungwa. Kwa huduma za fedha au afya ibaki ndani ya barua, na kichwa kitaje saa ambayo ombi limefanywa, kwa majira ya huko aliko mtumiaji.

Tumepanga barua saba za siku saba, vichwa ni "Siku ya 1", "Siku ya 2" na kuendelea. Kuna ubaya?

Upo, na ni mkubwa. Kalenda haijui mtu amefika wapi. Aliyemaliza yote saa ya kwanza ataendelea kufundishwa hatua ya pili siku ya nne, na aliyekwama kwenye kuthibitisha anwani atapelekewa mbinu za ripoti ambazo hawezi hata kuzifungua. Kichwa kitokane na hali ya akaunti. Hajathibitisha baada ya saa moja: "Thibitisha anwani ili akaunti ifunguke". Amethibitisha lakini hana mradi kesho yake: "Anzisha mradi wa kwanza kwa kiolezo". Ana mradi, yuko peke yake: "Alika mwenzako mmoja kwenye mradi".

Hali hiyo ikaguliwe dakika barua inapotoka, si ilipowekwa kwenye foleni. Hakuna kinachoudhi kama kupokea "Bado hujapakia faili" dakika kumi baada ya kulipakia.

Tulijaribu vichwa viwili kwa watu 400 kila kimoja. Kimoja kimeleta asilimia 22 ya waliokamilisha, kingine 20. Tuchague cha kwanza?

Hamjapata mshindi. Ili kuitambua tofauti ya 20 na 22 kwa uhakika wa kawaida, mnahitaji takriban watu 6,500 kila upande. Mkisajili watu 300 kwa wiki, hiyo ni kazi ya miezi kumi. Jaribuni vichwa vinavyotofautiana kwa hatua vinayoitaja, si kwa alama ya mshangao.

Chini ya kichwa chetu panatokea "Kama huoni barua hii vizuri, fungua kwenye kivinjari". Inatoka wapi?

Programu ya barua huchukua maandishi ya kwanza inayoyakuta ndani ya barua. Hamishieni sentensi hiyo chini kabisa, na mahali pake muweke maneno ya hakikisho, yaani yale yanayoonekana chini ya kichwa kabla barua haijafunguliwa, ya herufi 40 hadi 90, yanayoongeza jambo ambalo kichwa hakikulisema: itachukua dakika ngapi, au mtu awe na nini mkononi. Kichwa kikiwa "Unganisha akaunti ya benki", hakikisho liwe "Dakika tatu. Uwe na namba ya akaunti na simu yako karibu."