Mkuu, usizibe hilo dirisha!

Mkuu, mwambie fundi aweke nyundo chini. Nimefika pale ulipoandika "mbunifu anashauri tuzibe dirisha la chumbani, tujenge kabati la ukuta mzima, tupake waridi ya kutuliza akili" nikashindwa kuendelea. Huyo wako na wangu wamenyonya ziwa moja.

Mimi nililiziba. Mbunifu wangu aliniambia "utafiti umeonyesha", na kwa ushamba wangu wa kuogopa wasomi sikuuliza utafiti gani, wala ulifanyiwa nani. Nikabaki na kabati zuri ndani ya pango. Nikitafuta soksi, ni kwa tochi. Nikafunga balbu nyeupe pee za 6500K (hiyo K ni kipimo cha rangi ya mwanga, ikipanda mwanga unakuwa wa buluu zaidi), zile za karakana, ndipo nikajimaliza: usiku macho makavu kama bundi, asubuhi sijui kama kumekucha, kazini nasinzia hadi wakanipa jina. Kubomoa kulinigharimu kuliko kujenga. Yeye? Simu haipokelewi mpaka leo.

Kusoma nimesoma baada ya kuumia. Jichoni kuna seli ambazo kazi yake kubwa ni kuujulisha ubongo kama ni mchana au usiku. Zilithibitishwa mwaka 2002. Zinaamshwa hasa na mwanga wenye ubuluu, kwa hiyo balbu zangu za usiku zilikuwa zinazuia melatonini, homoni ya usiku, huku mchana nikiwa gizani. Na mtafiti Roger Ulrich mwaka 1984 alilinganisha wagonjwa wa hospitali moja ya Pennsylvania, Marekani, waliopasuliwa kifuko cha nyongo. Waliolala dirishani wakiona miti waliruhusiwa mapema na kuhitaji dawa kali za maumivu mara chache kuliko waliotazama ukuta wa matofali. Mimi ukuta wa matofali niliulipia, tena kwa awamu!

Hiyo rangi ya waridi nayo ilivuma 1979 kutoka mahabusu ya jeshi la majini la Marekani huko Seattle, ikisemwa inatuliza wafungwa. Waswisi walipoijaribu kwa wafungwa, matokeo yao ya 2015 hayakuona hasira ikipungua.

Mwanga kwanza. Kabla ya kununua hata brashi, shinda humo chumbani siku nzima bila kuwasha taa, uone jua linaingilia wapi na linakaa muda gani. Kitanda, kabati, rangi, vyote vilifuate hilo. Usiku tumia balbu za manjano za 2700K, chache, za mezani.

Uliuliza na mimea, sijui zulia. Mimea weka ukiipenda, ila usitegemee isafishe hewa. Lile jaribio la 1989 la NASA, shirika la anga la Marekani, ambalo watu hulitaja kwa hilo, lilifanyiwa kwenye maboksi yaliyozibwa, si kwenye chumba cha kawaida. Zulia tutaongea siku nyingine.

Fundi kashaanza kupanga tofali au bado? Jibu upesi.