Ethilini, hidrojeni na nikeli: nani anafanya kazi gani?

Mkuu, umeuliza kwa nini ethilini na hidrojeni zikikaa chupa moja hazifanyi kitu, ila zikikuta nikeli zinakuwa ethani. Halafu, kama nikeli hailiwi, mbona viwandani wanaibadilisha? Nimefanya kazi maabara ya kiwanda cha mafuta ya kupikia, kwa hiyo hili nalijua kwa mikono.

Kikwazo ni hidrojeni. Atomu zake mbili zimeshikana vikali. Kuziachanisha zikiwa gesi kunadai kilojuli 436 kwa kila moli. Zikitua juu ya nikeli zinaachana, kila moja inanata kwenye metali, na nguvu ya kunata ndiyo inayolipia gharama. Ethilini nayo inalala hapohapo, imeishika nikeli kwa bondi ya pili kati ya kaboni zake mbili. Inapokea atomu moja ya hidrojeni na kubaki imenata upande mmoja. Ikipokea ya pili inakuwa ethani, haina tena cha kushikia, inaondoka. Maelezo haya ni ya wanakemia Horiuti na Polanyi, 1934.

Vitabu vya shule huruka jambo moja ambalo kwangu ndilo tamu kuliko yote: ile hatua ya kwanza hurudi nyuma. Chukua mafuta ya kupikia, ambayo nayo yana bondi mbili kama ethilini. Molekuli ya mafuta ikishapokea atomu moja, pale palipokuwa na bondi mbili sasa panazunguka kama bawaba. Hidrojeni ikiwa haba juu ya uso, molekuli inaachia atomu moja, si lazima ileile iliyoingia, na bondi inajirudia ikiwa trans, yaani mnyororo wa kaboni umekaa pande tofauti za bondi. Asidi ya oleiki, ile ya mafuta ambayo haijageuka trans, huyeyuka kwenye nyuzi 13 hivi za Selsiasi. Pacha wake wa trans, elaidiki, ni zaidi ya 40. Hizo ndizo trans ambazo mwaka 2018 WHO ilizitaka nchi ziziondoe kwenye vyakula. Ukipandisha joto zinaongezeka, ukiongeza presha ya hidrojeni zinapungua.

Kuhusu nikeli kubadilishwa: kweli hailiwi, ila inazibwa. Salfa kidogo tu inang'ang'ania uso na haibanduki, basi hidrojeni inakosa pa kutua. Mabaki ya sabuni na fosforasi kwenye mafuta ghafi nayo yanaua kichocheo, yaani hiyo nikeli. Ndiyo maana namba ya iodini, kipimo cha bondi mbili zilizobaki kwenye mafuta, ikigoma kushuka, mimi huanza kupima usafi wa mafuta yaliyoingia kabla sijaagiza nikeli mpya.