Landrova ya zamani inayokata moto na kujirudi yenyewe

Landrova yangu ni Series III ya mwaka 1976, ile ndefu ya inchi 109, injini ya petroli ya silinda 4. Naishi nayo Tanga. Kwa karibu miezi minne ilikuwa na ugonjwa mmoja: nikishapita Muheza kuelekea Segera, barabara imetulia, mwendo wa 60 hivi, mguu umelegea kwenye mafuta, mara gari linakata. Linashtuka, linavutika nyuma, sindano inaanza kushuka. Nikikanyaga mafuta kwa nguvu linashika tena na safari inaendelea. Nikilifikisha kwa fundi, linanguruma vizuri siku nzima.

Wenye magari ya zamani mnaijua hali hii. Hitilafu ambayo haionekani fundi akiwepo ndiyo inayomaliza pesa, kwa sababu kila mtu anabadilisha kile anachokidhania. Nilibadilishiwa koili (ile inayokuza umeme wa betri ili cheche ipatikane), kondensa na plagi zote nne. Kabureta ilifunguliwa mara mbili, kwa hoja kwamba gari likishika baada ya kukanyaga mafuta, basi shida ni mafuta. Hoja ilikuwa na mantiki na mimi niliikubali. Gari likaendelea kukata.

Kilichonisaidia ni daftari la shule. Kwa wiki tatu, kila gari likikata, nilisimama pembeni nikaandika: saa ngapi, jua au mvua, taa zimewashwa au zimezimwa, gia ipi, mwendo gani, barabara ina mashimo au laini, mguu umekanyaga kiasi gani. Nakusihi ufanye hivi kabla hujanunua hata fyuzi. Usijiulize kwanza ni kifaa gani kimekufa. Jiulize gari linakata likiwa katika hali gani, na lini halikati kabisa. Hilo la pili watu wengi hawaliandiki, na kwangu ndilo lililotoa jibu.

Katika wiki hizo nilipanda Lushoto mara mbili. Kutoka Mombo hadi juu ni kilomita 33 hivi, kona juu ya kona kupitia Soni, mafuta yamekanyagwa mpaka chini, injini imechemka. Halikukata hata mara moja. Sasa fikiri: kama mafuta yangekuwa hayafiki, yangepungukia mlimani, pale injini inapodai mengi zaidi. Kama koili ingekuwa inachoka kwa joto, ingechoka mlimani vilevile. Gari lilikuwa linakata pale tu linapobembelezwa.

Ni kitu gani ndani ya injini kinachosogea mguu ukiwa mwepesi? Kwenye distributa ya magari haya, yaani kifaa kinachogawa cheche kwa plagi, ubavuni kuna kidude cha mviringo kilichounganishwa na kabureta kwa kibomba chembamba. Ukienda taratibu kwenye tambarare, mvuto wa hewa wa injini unakivuta, nacho kinazungusha kidogo sahani iliyobeba platini (vile vibati viwili vinavyofunga na kufungua moto wa koili) ili cheche itangulie. Ukikanyaga mafuta mpaka chini mvuto unapotea na sahani inarudi. Na kuna waya mfupi unaopeleka moto wa koili kwenye platini, wenye urefu wa kidole tu. Kila sahani inapozunguka, waya ule unakunjwa na kunyooshwa. Fanya hesabu ya karibu miaka 50.

Nilitoa kifuniko cha distributa na rota. Kwa macho waya ulikuwa mzima, ganda halina mchubuko. Nikachomoa upande wake wa koili, nikaweka mita kwenye mlio, yaani inalia pale njia ya moto ikiwa haijakatika, ncha moja mwisho wa waya na nyingine pale unapofungwa kwenye platini. Ikalia. Nikachomeka kipande cha mpira mwembamba kwenye kile kidude nikavuta hewa kwa mdomo, kama unayenyonya dafu kwa mrija. Sahani ikazunguka, mlio ukakatika. Nikaachia, ukarudi. Nilirudia mara tano au sita, na kila mara ilikuwa hivyo. Nilipoupasua waya kwa wembe, nyuzi zote za shaba zilikuwa zimekatika sehemu moja, ncha zinagusana tu kwa kubanwa na ganda.

Pima waya wenyewe kama nilivyofanya, usipime moto kwenye koili huku ukizungusha sahani, maana sahani ikizunguka platini nazo zinaweza kufunguka na utadhani waya ndio uliokatika. Wala usiache swichi imewashwa muda mrefu injini ikiwa imezimwa. Platini zikiwa zimefunga, koili inachemka bure na inaweza kuungua. Waya wa kuweka uwe laini, wa nyuzi nyingi nyembamba. Ule mgumu wa kufungia umeme wa nyumbani utakatika mapema. Uachie ulegevu wa kutosha, kisha zungusha sahani kwa kidole mwanzo hadi mwisho uone waya haujivuti wala haugusi ekseli ya distributa inayozunguka katikati, ndipo ufunike.

Kuhusu mita, nina jambo moja ambalo natamani kila fundi kijana alishike. Waya uliobakiwa na uzi mmoja tu utakuonyesha voti 12 kamili kwenye mita, kwa sababu mita haivuti moto wowote wa maana. Uumize, yaani upe mzigo wa kubeba. Chukua balbu ya breki, ya wati 21, iunganishe nyaya mbili, hiyo ndiyo testa yako. Waya ulio mzima utaiwasha ing'ae; uliochoka sana unaweza kuiacha nyekundu au gizani. Balbu ikiwa inawaka, anza kutikisa nyaya shibiri kwa shibiri, ukikaa kidogo kwenye kila kiungo, hasa pale zinapopenya bati. Ikipepesa, simama hapohapo.

Rangi nazo zinasaidia kama hakuna aliyezivuruga. Kwenye gari hili la Kiingereza waya wa kahawia una moto muda wote, mweupe unapata moto ukiwasha swichi, kijani ni ule uliopita kwenye fyuzi baada ya swichi, na mweusi ni ethi, yaani njia ya moto kurudi betri. Fyuzi za kioo usiziamini kwa macho: zitoe, sugua ncha zake na vishikio vyake kwa msasa laini, betri ikiwa imefunguliwa.

Na kwetu pwani, anza na ethi. Bodi ya Landrova ni alumini, imekaa juu ya chesisi ya chuma, na hewa ya chumvi ikiingia kati ya metali hizo mbili, pale panapogusana panaliwa. Dalili yake haijifichi: ukikanyaga breki, indiketa inapoteza nguvu na taa ndogo zinawaka zenyewe kwa unyonge. Moto umekosa njia ya kurudi betri, unapita kwenye balbu nyingine. Washa taa za nyuma zote na breki, weka mita ncha moja kwenye kikombe cha taa, nyingine kwenye hasi ya betri. Inatakiwa isome karibu sifuri. Ya kwangu ilisoma voti 3. Nilivuta waya mweusi mmoja mnene kutoka taa zote mbili hadi kwenye chesisi, nikakwangua mpaka chuma kikang'aa, nikafunga bolti na kupaka grisi juu. Kazi ya nusu saa, na taa zimetulia tangu masika yaliyopita.