Vali ya usalama haizuii presha

Swali: Msomaji wa Tanga anauliza: "Katika mabomba ya gesi na mafuta kuna vali ya usalama. Wengine huiita vali ya kuzuia presha, wengine vali ya kupunguza presha. Lipi sahihi?"

Jibu: Hakuna hata moja. Bakia na vali ya usalama. Ukitaka jina linalotaja kazi yake, sema vali ya kuachia presha. "Vali" tumelitohoa kutoka Kiingereza, nacho kililipata kwenye Kilatini, ambako valva ni ubao wa mlango wa kukunja. Inatosha.

Kinachoniudhi ni hilo "kuzuia". Tangu gesi ya Mtwara ianze kufika Dar es Salaam mwaka 2015, habari za mabomba zimekuwa nyingi, na kosa hili nalo limeota mizizi: "Vali ya usalama ilizuia presha ya gesi." Haikuzuia! Kuzuia ni kuziba njia kitu kisipite, na presha ukiizibia njia itajilimbikiza mpaka bomba lipasuke. Vali hii hufanya kinyume. Ndani yake springi imekandamiza kisahani juu ya kiti chake, yaani mdomo wa tundu la kutokea. Presha ikifika kiwango alichopanga fundi, inaishinda springi, kisahani kinanyanyuka, gesi inatoka. Ikishuka chini kidogo ya kiwango hicho, springi inakirudisha kisahani mahali pake. Kwenye gesi hufunguka ghafla, kwa kishindo, kwa kuwa gesi iliyoshindiliwa hutanuka kwa nguvu. Kwenye mafuta au maji hufunguka taratibu kadiri presha inavyopanda, maana kimiminika hakishindiliki kirahisi: kikitoka kidogo tu, presha inaporomoka. Hapo kimezuiwa nini?

Mtetezi atasema: inazuia presha isizidi. Sawa kabisa! Basi andika hivyo, na hilo "isizidi" usilikate. Ukiliondoa umeandika kinyume cha ulichokusudia, na anayekuamini ataziba tundu la sufuria ya presha akidhani anailinda familia yake.

"Kupunguza" ni kazi ya chombo kingine, regyuleta, kama ile ya mtungi wa gesi nyumbani, ambayo hupitisha gesi muda wote ikiwa na presha ndogo. Kuvichanganya si jambo dogo: regyuleta ikipima presha imeshuka hufunguka zaidi, wala haiachii presha nje kama vali ya usalama. Tarehe 13 Septemba 2018, huko Merrimack Valley, Massachusetts, Marekani, regyuleta zilikuwa zikipima presha kwenye bomba kuukuu lililokwisha kutengwa na mtandao. Presha ya humo ilipokuwa ikishuka, zikazidi kufunguka na kusukuma gesi majumbani. Nyumba zikalipuka na kuungua, mtu mmoja akafa. Chombo cha kupunguza kilikuwepo, na ndicho kilichoongeza.

Ama "presha" yenyewe, wapo watakaodai kanieneo, yaani kani juu ya eneo, kama vitabu vya fizikia. Darasani nakubali. Fundi akisema presha, mwacheni.