Stovu Iliyolala Kwenye Kibanda cha Kuku

Ukurasa huu ni wa wale wanaotunza majiko ya pampu, karabai na taa za chemni, na bado wanaziwasha. Nilianza kazi hii nikiwa mtoto Makongeni, ambako baba alikuwa na meza ya kutengeneza stovu nje ya mlango wetu, nami nikimshikia sindano za kuzibulia. Leo ninazo 23 nyumbani Buruburu. Zote zinawaka isipokuwa mbili. Mwezi huu nimechagua barua nne. Ya kwanza imekula nafasi kubwa, na ilistahili.

*Nyanya yangu aliniachia stovu ya shaba ya kupiga pampu. Imeandikwa Primus, na jina B. A. Hjorth & Co. Ilikaa miaka mingi kwenye kibanda cha kuku kule Kiambu. Nimeisugua kwa ndimu mpaka inang'aa. Mwezi ujao naenda kupiga kambi Longonot na wenzangu, nami nataka tuipikie. Je, naweza kuiwasha tu? – Msomaji, Kasarani*

Usiipige pampu bado, mwanangu. Nilikuwa nimeshaanza kukuandikia habari za ngozi ya pampu, nikarudi kusoma hapo pa kibanda cha kuku, nikalianza jibu upya.

Shaba ya manjano ni mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki. Tangi la stovu yako limetengenezwa kwa bamba lililofinywa na mashine likiwa baridi, kwa hiyo shaba hiyo hubaki na mkazo ndani yake, kama kamba iliyovutwa kisha ikafungwa. Mkazo huo peke yake hauna neno. Ukiongeza unyevu na amonia, nyufa huanza. Na kinyesi cha kuku hutoa amonia: ni ile harufu inayochoma macho ukifungua banda asubuhi. Waingereza walilipata jambo hili India, pale maganda ya risasi yaliyowekwa kwenye mazizi ya farasi yalipokuwa yakipasuka yenyewe msimu wa mvua. Mwaka 1921 ndipo wataalamu walipoeleza wazi kwamba chanzo kilikuwa amonia ya mkojo wa farasi. Hakuna aliyeyagonga maganda yale wala kuyaangusha.

Kwa hiyo anza kwa macho. Toka nayo juani, chukua lenzi, uipitie polepole: ukingo wa chini, shingo ya kifuniko cha kutilia mafuta, mahali bomba la pampu linapoingia tangini, na pale kichwa cha jiko kinapopandia. Unatafuta mstari mwembamba kama unywele. Kisha hakikisha tangi ni tupu na kavu, halina hata harufu ya mafuta, funga kila kitu, piga pampu mara tano tu, ulizamishe kwenye karai la maji. Ukiona mapovu kwenye kifuniko au kwenye maungio, hizo ni washa, vile vipete vya kuzuia uvujaji, zimechoka, nazo hubadilishwa. Lakini povu likitoka kwenye shaba yenyewe, hata moja dogo, stovu hiyo ni ya rafuni. Usimpelekee fundi aizibe kwa risasi ya kulehemu; ufa mmoja ukizibwa, mwingine unakuja ubavuni, na safari hii tangi lina mafuta na moto uko juu yake. Zile mbili zangu zisizowaka ziko hivyo. Moja ilikuwa ya mama yangu, na iliniuma kuiweka kando, lakini niliiweka.

Tuseme yako ni nzima, na naomba iwe nzima. Hapo tuzungumze habari za ngozi. Ile ngozi ya mviringo iliyo mwisho wa mti wa pampu ndiyo inayosukuma hewa. Ikikauka inasinyaa, ukipiga pampu unasikia inateleza bure. Ing'oe, iloweke usiku kucha kwenye mafuta ya cherehani, itanue pembe zake kwa kidole. Ikiwa imekatika, nenda soko la Kariokor kwa washona ndara, uwaombe kipande cha ngozi ngumu ya unene wa milimita mbili. Kata duara lililozidi upana wa bomba kidogo, liloweke kwenye maji ya vuguvugu, lisukume kwenye tundu la ubao kwa kipande cha mti ulioviringwa, uliache humo mpaka likauke na kushika umbo la kikombe. Kisha mafuta. Nimezitengeneza nyingi hivi, na ya zamani zaidi ina miaka kumi na moja bado inasukuma. Mafundi baiskeli nao wakati mwingine huwa na ngozi za pampu za miguu zinazoingia sawasawa, kwa hiyo nenda na ya zamani mkononi uzilinganishe.

Kuwasha kwenyewe ni subira. Tia mafuta ya taa robo tatu ya tangi, yasizidi, maana hewa nayo inataka nafasi. Legeza skrubu ya hewa. Jaza kisahani kilicho chini ya kichwa cha jiko kwa spiriti, iwashe, uiache mpaka ikaribie kwisha. Hapo ndipo unafunga skrubu na kupiga pampu mara mbili tatu. Mafuta yanapanda kwenye mirija iliyoshika moto, yanageuka mvuke, yanachomoka kwenye tundu la nozeli na kuchanganyika na hewa, na unasikia ule mngurumo. Moto ni wa buluu, hauna masizi. Hilo ndilo Frans Wilhelm Lindqvist alilolifanikisha Stockholm mwaka 1892, jiko la mafuta lisilo na utambi, na ndiyo maana Roald Amundsen alibeba Primus alipokwenda Ncha ya Kusini mwaka 1911. Ukiona ndimi za manjano zinaruka, ulikuwa na haraka: legeza skrubu, hewa itoke, acha ipoe, anza tena kwa spiriti. Usitie petroli hata kijiko. Usiongeze mafuta jiko likiwa linawaka au likiwa bado lina moto.

Longonot, iache stovu kambini chini, usiibebe mpaka kileleni. Kule juu ni mita 2,776, na maji huchemka karibu nyuzi 91, kwa hiyo githeri haitawaivia leo wala kesho. Pikeni chai na uji.

Kuhusu ndimu: imefanya kazi, lakini suuza kwa maji ya sabuni siku hiyo hiyo. Asidi ikikaa mno inakula zinki, na shaba inabaki na mabaka ya waridi yasiyotoka. Watu wa Pwani hutumia ukwaju, nao ni mpole zaidi. Mimi siku hizi sisugui kabisa. Ile rangi ya kahawia na alama za sufuria za nyanya yako zilichukua miaka kufika pale, na zilikuwa zake.

*Kaka yangu alirudi kutoka Mbita na karabai tatu za wavuvi. Mbili zinawaka vizuri. Ya tatu mwanga wake unapanda na kushuka kama unapumua, halafu utambi unaingia masizi. Nimebadilisha utambi mara nne. – Dandora*

Acha kubadilisha utambi, ndugu yangu, kile kifuko cha nyuzi kinachotoa mwanga; kosa haliko hapo.

Nakuonea wivu kwa hizo taa. Karabai za ziwani zimefanya kazi nzito: usiku wa giza, juu ya maji, zikivuta omena kwenye nyavu, upepo unazipiga na mvua inaziloesha. Sasa wavuvi wengi wamehamia taa za sola na betri, na karabai zao zinafika huku mjini kwa bei ya vyuma. Nyingi ni za Kichina zilizofuata umbo la Petromax ya Ujerumani, taa iliyobuniwa Berlin mwaka 1910 na Max Graetz. Jina lenyewe ni Petroleum, neno la Kijerumani la mafuta ya taa, na Max wake. Kwa sababu umbo ni moja, vipuri vingi vinaingiliana, na hiyo ni bahati yako.

Mwanga unaopumua una maana kwamba mafuta hayageuki mvuke yote. Mengine yanafika juu yakiwa bado majimaji. Kwanza, je, uliipasha moto vya kutosha? Mpe kisahani cha spiriti chote, na upepo wa Nairobi ukivuma mpe cha pili. Pili, fungua mrija wa mvuke, ule mrefu unaopita katikati ya taa, utazame ndani. Kaboni hujikusanya mle kama masizi ya jikoni, njia ikabanwa. Ukigongwa taratibu na kusuguliwa kwa waya mwembamba unaweza kupona. Ukikataa, nunua mwingine. Tatu, kaza nozeli. Ikilegea hata robo mzunguko inavujisha.

Ya nne ndiyo ninayoishuku kwako. Ondoa kofia ya juu, utoe mrija wa hewa, ule uliopinda, upulize. Taa iliyokaa stoo hugeuka nyumba ya nyigu. Mwaka jana niliitengeneza karabai iliyokuwa na dalili hizi zako zote mbili, nikaibadilisha vipuri vitatu kabla sijautazama mrija ule. Ulikuwa umejaa udongo, laini na mgumu kama chungu kilichochomwa. Hewa ikikosekana, moto unakuwa na mafuta mengi kupita kiasi, na masizi yanakuja yenyewe.

Kuhusu tambi: ukiona tundu kwenye kile kifuko, badilisha hata kama mwanga bado ni mzuri, kwa sababu moto hupita kwenye tundu na kuipiga chemni mahali pamoja mpaka inapasuka. Tambi za zamani zilitiwa thoriamu, madini yenye mnururisho hafifu. Mwanga wake ni mzuri kuliko wa zile za sasa, sikatai. Lakini usivute vumbi la utambi uliovunjika, lifute kwa kitambaa chenye maji, unawe mikono.

*Jirani aliyehama aliniachia taa ya Coleman ya kijani, ya tambi mbili. Inatumia mafuta gani, nami nitajuaje umri wake? – South C*

Igeuze chini. Coleman nyingi zina tarakimu zilizogongwa kwenye kitako cha tangi: upande mmoja mwezi, wa pili mwaka. Ukiona 5 na 72, ni Mei 1972, kutoka Wichita, Marekani.

Mafuta ndiyo shida. Taa hizo za kijani hutumia mafuta meupe mepesi yaliyosafishwa mahususi, wala si mafuta ya taa. Ukiitia mafuta ya taa itatoa moshi na mrija wake utaziba. Petroli ya kituoni siishauri. Waulize wauza vifaa vya kupanda milima. Wakikosa, ihifadhi tupu na kavu mpaka upate.

*Stima ikipotea mwanangu wa darasa la nane husoma kwa karabai ya marehemu babake. Tunaishi chumba kimoja na dirisha dogo. Jirani ananiambia ni hatari. Ni kweli? – Mama, Kayole*

Ni kweli, Mama, na umefanya vyema kuuliza. Pole kwa kumpoteza baba wa mtoto.

Karabai inawaka kwa nguvu. Katika chumba kidogo inamaliza hewa safi na kutoa gesi ya kaboni monoksidi, ambayo haina harufu. Mtu huumwa kichwa, husinzia, na anaweza asiamke. Pia ni moto mwingi na mafuta yenye msukumo karibu na kitanda na pazia. Ndani ya chumba chako isiwashwe.

Iwashe nje, mlangoni, juu ya kitu kisichoyumba, mtoto asome pale, nawe uwe karibu. Mvua ikinyesha, ndani mtafutie taa ndogo ya sola. Ukiwa na taa ya chemni pia inahitaji dirisha wazi, ingawa moto wake ni mdogo. Kata utambi wake sawasawa kwa mkasi, upunguze pembe mbili kidogo, na uupandishe mpaka kabla tu moto haujaanza kuchora masizi juu ya kioo.

Ile karabai niletee. Niandikie kupitia gazeti, tupange siku. Nitaikagua tangi na kubadilisha washa bila malipo, na mwanao aje naye aone inavyofunguliwa, ili siku moja aiwashe mwenyewe kama babake alivyokuwa akiiwasha.